Upepo wa Watu Thelathini

Fundi Valeriani alikuwa na swali moja ambalo mtaa mzima wa Bombambili tulilijua. Gari la msiba likisimama mbele ya kibanda chake asubuhi kuja kujazwa upepo, yeye hutoka na kipimo chake mkononi, humsalimia dereva, kisha huuliza, "Mnaenda wangapi?"

Madereva walimcheka. Msiba upo, lakini na kucheka kupo. "Fundi, msiba haukatazi mtu. Nitajuaje wangapi?"

"Usipojua wewe, tairi litajua," huwajibu. Halafu huwatazama watu waliokwisha fika, akina mama na kanga zao mbilimbili, wazee waliokalia matofali, huhesabu kwa macho tu, huinama na kuanza kujaza.

Mimi nauza uji na vitumbua mkabala na kibanda kile, ng'ambo ya barabara, tangu mwanangu Remmy yuko darasa la pili. Sasa Remmy ana watoto wake. Kwa hiyo mambo haya sikusimuliwa, niliyaona.

Valeriani alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono myeusi ya mpira isiyotakata hata Jumapili. Maneno yake mengi yalikuwa ya matairi. Alisema tairi linapimwa asubuhi likiwa baridi, kabla gari halijatembea, kwa sababu likitembea linapata moto, upepo unavimba ndani, na kipimo kinakudanganya. Madereva wa tumbaku kutoka Namtumbo walikuwa wakifika mchana na haraka zao. "Fundi, nipunguzie, imesoma mia!" Yeye humwonesha dereva meza yangu. "Nenda kwa Mama Remmy ukanywe uji. Ukimaliza, kanywe mwingine." Nimeuza uji mwingi kwa sababu ya moto wa matairi ya watu.

Na kama dereva alibisha, akamwonesha namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, Valeriani alimwambia, "Hiyo ni mwisho wa nguvu zake, siyo kipimo chake. Hata wewe unaweza kubeba gunia la mahindi mgongoni. Mbona hulali nalo?"

Magari ya msiba aliyajazia bure. Yakishaondoka, hubaki amesimama pale barabarani na mpira wa kompresa mkononi mpaka gari likate kona, kisha hurudi kazini. Hakupanda. Nilimuuliza siku moja kwa nini hapandi. Akaniambia, "Nikipanda na mimi, wakirudi na pancha watampata nani?" Na kweli, siku ya msiba hakufunga kibanda hata giza likianza kuingia, mpaka gari lirudi. Huliendea, hulipapasa tairi moja baada ya jingine, huitika kwa kichwa, ndipo hufunga. Wafiwa hawakumwona. Walikuwa wakishuka wamechoka, na vumbi usoni, kila mtu na njia yake.

Sasa nieleze habari ya lile gari tuliloliita Nyumba.

Wazungu wawili wazee walilileta hapa Songea wakiwa wanazunguka nalo nchi kwa nchi, wakilala humohumo, wakipika humohumo. Mzee wa kiume akaugua, wakaliuza na kurudi kwao kwa ndege. Aliyenunua ni Daimu, kijana wa Kiislamu mwenye asili ya Namtumbo anayesafirisha watu. Daimu akang'oa jokofu na makabati, akaweka mabenchi huku na huku. Kitanda cha nyuma akakiacha, na pazia za maua, na kasinki kadogo ka kunawia mikono. Likawa gari la harusi na la misiba. Bibi harusi alikaa juu ya kitanda kile Jumamosi, na Jumanne jeneza likawekwa palepale. Mwanzoni jambo hilo lilitusumbua. Baadaye tukazoea.

Harusi ya kwanza, Daimu alijaza upepo mwenyewe kwa kufuata namba ya ubavuni. Bibi harusi alitoka Mshangano amependeza, akafika kanisani taji limehamia sikioni. Mama mmoja aliuma ulimi. Kesho yake Daimu akaja kwa Valeriani amenuna.

"Fundi, gari hili lina mashetani."

"Halina shetani. Lina upepo mwingi kuliko watu."

Wiki nzima Valeriani alishughulika na gari lile. Alilipeleka kwenye mizani ya ghala la mahindi, akapima magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kwanza likiwa tupu, halafu akapakia vijana wa sokoni kwa kuwanunulia soda, akapima tena. Ndani ya mlango kulikuwa na kibandiko cha Kijerumani chenye namba. Akamwita mzee Bartolomeo, katekista wetu, ambaye alikua akiwatumikia wamisionari na Kijerumani kidogo kilimbakia. Mzee akavaa miwani, akasoma, akatafsiri: uzito wa nyuma, uzito wa mbele, upepo kabla ya safari. Valeriani akachukua brashi na rangi nyekundu, akaandika chini ya kibandiko:

Watu 5: mbele 55, nyuma 50.
Watu 15: mbele 60, nyuma 65.
Watu 30: mbele 70, nyuma 80.
Asubuhi. Baridi.

Mke wake Benigna alikuwa amemletea chakula, akasimama kusoma. "Baba Violet, unajua uzito wa kila mtu hapa Bombambili. Wangu mimi huujui."

"Wako naujua sana. Kitanda kinaniambia."

Benigna akampiga begani kwa ncha ya kanga. Daimu akasema, "Astaghfirullah, mbele ya mzee katekista!" na mzee katekista ndiye aliyecheka mpaka miwani ikadondoka. Nikifumba macho ninamwona Benigna vile alivyokuwa siku ile, na sahani imefunikwa mkononi.

Benigna ndiye aliyekuwa akienda kuzika. Msiba ukitokea, yeye huwa wa kwanza kuchota maji na wa mwisho kuondoka makaburini, na watu walihesabu kwamba nyumba ile imekuja. Lakini sukari ikamshika, miguu ikaharibika, na kwa miaka mitatu hakuweza kutoka uani. Tangu hapo hapakuwa na mtu wa nyumba ile kaburini. Mumewe alikuwa akimfulia, akimpikia, akimgeuza kitandani, na alfajiri yuko kibandani anajaza upepo.

Jumuiya yetu ndogo ndogo ya kanisa hukutana Jumamosi. Mwenyekiti ni Mama Hilda. Nisije nikamchora vibaya, Mama Hilda ni mtu wa sala na mwenye huruma. Lakini alimzika mwanae wa kiume, Aidan, akiwa na miaka kumi na tisa, na tangu siku ile anakumbuka kila aliyekuwepo na kila ambaye hakuwepo. Siku moja baada ya rozari akaleta hoja ya wanajumuiya wasiozika wenzao.

"Fundi Valeriani," akasema. "Nilipompeleka Aidan wangu, fundi alikuwa hatua mia kutoka nyumbani kwangu. Hakuja. Sikumwona kaburini."

Watu wakanung'unika kwamba na wao hawakumwona. Mmoja akataja mama yake, mwingine akataja shemeji yake. Mama Hilda akanigeukia. "Mama Remmy, wewe uko mkabala naye kila siku. Umewahi kumwona, hata mara moja, akipanda gari la msiba?"

Nikasema, "Hapana."

Neno lile lilikuwa la kweli. Hakuna aliyeweza kunishitaki kwamba nimesema uongo. Lakini asubuhi aliyosafirishwa Aidan mimi nilikuwa naukoroga uji, na nilimwona Valeriani amepiga magoti kwenye umande anapima tairi, anatoa kidogo, anapima tena, kama mtu anayemtengenezea mgonjwa mto. Nilimwona akingoja mpaka jioni. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni. Nikasema hapana, nikanyamaza, kwa sababu Mama Hilda alikuwa analia na sikutaka kuonekana nambishia mama aliyefiwa.

Wakapitisha kwamba asiyezika wenzake, akifiwa, jumuiya itasali naye nyumbani lakini kaburini haitakwenda. Ilikuwa aende mtu kumweleza Valeriani. Hakwenda mtu. Benigna alikuwa mahututi, tukaona aibu. Kwa hiyo yeye hakujua.

Benigna alifariki Jumatatu moja mwezi wa sita, katika baridi ile inayochoma vidole. Jumanne jioni jumuiya ikaja kusali, kama tulivyokubaliana. Uwanja ulijaa. Waliimba vizuri, wakapika, wakampa pole, na Valeriani alikaa kwenye mkeka akitazama watu wale na macho yake yakawa na kitu kama shukrani. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Mazishi yalikuwa Jumatano, kijijini Maposeni, kwenye shamba aliloachiwa Valeriani na baba yake. Alfajiri Daimu akaleta Nyumba kibandani. Ukungu ulikuwa umelala barabarani. Nikawasha moto wangu, na ng'ambo nikaona mtu amechutama kwenye magurudumu ya nyuma, yaliyofungwa mawilimawili. Alikuwa amevaa suti yake ya harusi, na juu yake ovaroli. Nikamchukulia kikombe cha uji.

"Fundi, kunywa kwanza. Si ungemwachia Daimu?"

"Nimalizie hili la ndani. Hili la ndani Daimu hafikii vizuri."

"Unajaza ngapi?"

"Themanini. Ya watu thelathini." Akainuka akipangusa magoti. "Uliona uwanja jana, Mama Remmy? Niliwahesabu. Arobaini na mmoja. Wengine watachukua bodaboda, lakini wazee nataka wapande Nyumba. Na mimi leo napanda."

Akapokea kikombe, akanywa. Nikasema, "Labda wengine watashindwa, fundi. Wakati wa mavuno huu. Ungejaza ya kumi na tano."

Akanicheka kwa upole. "Msiba haukatazi mtu," akasema, maneno yaleyale ya madereva. "Nikijaza pungufu, halafu wapande wote, tairi litapasuka njiani, na yeye yumo ndani."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Mwenyezi Mungu alinipa nafasi ya pili, safi kabisa, barabara haina mtu, tuko wawili tu. Nikajiambia labda Misa italainisha mioyo, labda wakiliona jeneza watapanda. Nikamwachia Mungu kazi iliyokuwa yangu. Nikapokea kikombe kitupu nikavuka barabara.

Misa ilikuwa nzuri. Ikaisha. Jeneza likaingizwa Nyumba na kulazwa kitandani, Daimu akalifunga kwa kamba laini na kanga mbili. Valeriani akasimama mlangoni, kwa sababu gari lile lina ngazi ndefu na wazee huhitaji kushikwa mkono. Akanyoosha mkono wake tayari.

"Mama Hilda, karibu. Mbele kuna nafasi nzuri, hapatikisiki."

Mama Hilda akaushika ule mkono, akautikisa. "Mungu akutie nguvu, fundi." Akaondoka kuelekea getini.

"Mzee, karibu, tukusaidie ngazi," akamwambia babu mmoja aliyefuata.

"Nina wageni nyumbani, baba. Pole sana."

"Mama, wewe je?"

"Mguu, fundi. Mguu huu. Bwana ametoa."

Hivyo, mmoja mmoja. Hawakuwa na ukali. Wengine walilia kwelikweli wakati wakimpa mkono. Uwanja wa kanisa ukawa mweupe. Violet, binti yao aliyekuja kutoka Makambako, alikuwa amekaa ndani na msalaba magotini. Mimi nilipanda, na mzee Bartolomeo alipanda, kwa kuwa katekista lazima awepo kaburini.

"Tungoje kidogo," Valeriani akasema. "Wengine wamefuata sweta."

Tukangoja. Violet akachungulia dirishani. "Baba, watu wako wapi?"

"Wanakuja."

Daimu akazima injini. Baada ya muda akasema taratibu, bila kugeuka, "Fundi, kaburi ni saa nane."

"Dakika kumi, Daimu."

Dakika kumi zikapita. Valeriani akatazama geti mara ya mwisho, akapanda, akavuta mlango mwenyewe. Nyuma ya mlango zilikuwa namba zake nyekundu, usawa wa uso wake.

Kwenye lami tulikwenda salama. Mzee Bartolomeo alianzisha rozari nasi tukaitikia. Taabu ilianza tulipoacha lami kuingia njia ya mashamba. Mvua za mwezi wa nne ziliichimba njia ile, jua likaikausha ikawa kama matofali yaliyopangwa ovyo. Gari lililojazwa upepo wa watu thelathini, likiwa na watu watano, lilianza kuruka. Siyo kutikisika, kuruka. Mabenchi matupu yaligongana. Kasinki kakapiga kelele. Rozari ikatutoka midomoni. Na nyuma kule, juu ya kitanda, jeneza likawa linainuka na kushuka, linainuka na kushuka, na kila likishuka tulisikia kitu ndani yake kikigonga ubao.

Violet akaziba masikio.

Valeriani akaenda kwa magoti mpaka kitandani, akalilalia jeneza kwa kifua, akalikumbatia kwa mikono yote miwili. Bado likagonga. Nikamsikia anasema, "Pole. Pole, mama. Pole." Halafu akapaza sauti, ambayo sikuwahi kuisikia tangu nimjue. "Daimu! Simama!"

"Tumebakiza kidogo, fundi. Nitapunguza mwendo."

"Simama, nakwambia! Anaumia!"

Daimu akasimama. Valeriani akashuka na kipimo chake, kilikuwa ndani ya koti. Nikamfuata. Akaweka kiganja kwenye tairi la nyuma, akakiondoa.

"Limepata moto," akasema.

Mtu huyu aliwarudisha madereva wangapi kwa neno hilo? Hakuwahi kugusa valvu ya tairi la moto. Lakini hapakuwa na uji wa kumwambia mtu akanywe pale, na jua lilikuwa linakwenda.

"Nitaacha sita juu ya kipimo," akasema, nadhani akijisemea. "Likipoa litarudi mahali pake." Akainua uso. "Tuko wangapi?"

Katika miaka yote ile nilimsikia akiuliza watakaokwenda, na mara zote jibu alilipata kwa macho yake mwenyewe. Siku ile alitaka aambiwe.

"Watano, fundi."

"Na yeye?"

"Na yeye sita."

Akafungua kifuniko, akabonyeza valvu. Upepo ukatoka kwa mlio mrefu. Alipojaza alfajiri nilisikia kompresa tu. Sasa nilisikia kila kitu alichokuwa ametia mle. Gurudumu la kwanza, la pili, lile la ndani ambalo Daimu halifikii, ikambidi alale kifudifudi kwenye vumbi na suti yake ya harusi. Mimi nilichutama kando yake nikimshikia vifuniko. Nikaona nisipomwambia sasa sitamwambia tena.

Nikamweleza. Kikao, Mama Hilda, uamuzi wetu. Nikamwambia na swali nililoulizwa.

"Walikuuliza kama umeniona nikipanda?"

"Ndiyo."

"Ukasema?"

"Nikasema hapana."

Upepo uliendelea kutoka. Akatazama mshale wa kipimo ukishuka, sabini, sitini na tano.

"Ulisema kweli," akasema. "Sikupanda."

"Fundi, nilikuwa najua. Nilikuwa nakuona."

Alifika hamsini na sita, akaachia valvu, akanyoosha mkono nimpe kifuniko. Akakifunga pole pole. Ndipo akasema, "Mimi nilidhani nimo, Mama Remmy. Kila gari lililotoka pale kwangu, nilidhani nimo."

Kijana mkulima akapita na baiskeli, akashika breki. "Shikamooni. Ni pancha?"

"Marahaba," Valeriani akasema. "Siyo pancha."

"Mbona sasa mnatoa upepo?"

"Tulizidisha."

Kijana akatazama madirisha, akaona mabenchi na pazia za maua, na jeneza nyuma. Akavua kofia. Gari lilipoondoka, taratibu, limetulia kama linalala, nilimwona nyuma yetu kwenye vumbi anakanyaga baiskeli yake kwa nguvu. Alifika kaburini dakika chache baada yetu. Jina lake hata sikulipata. Alishika kona moja ya jeneza, Daimu kona ya pili, Valeriani ya tatu, na mchimba kaburi mmoja ya nne. Mimi na Violet tulishika katikati. Mzee Bartolomeo akasoma sala kwa sauti kubwa, kama anayesomea umati.

Valeriani alibaki Maposeni, hakurudi Bombambili. Alimtuma Daimu amletee nguo na jembe. Kibanda kikafungwa, kompresa ikafunikwa turubai. Magari ya misiba sasa yanajaza popote, kwa namba ya ubavuni, na tukisindikiza marehemu tunasikia anavyogonga. Watu wanasema barabara zimeharibika.

Jumamosi moja nilisimama katika jumuiya. Padre alikuwa ameniambia kwamba niliyomwungamia Mungu niwaambie na wenzangu. Nikasema yote niliyoyaona kwa miaka ile, umande, magoti, kungoja mpaka jioni. Nikasema na asubuhi ya Aidan. Mama Hilda alikuwa akitazama mikono yake.

"Halikutikisika," akasema.

Tukamtazama.

"Gari la Aidan. Nilikaa naye nyuma, nimemwekea mkono juu njia nzima. Halikutikisika. Nilishangaa hata wakati ule." Akafunika uso kwa kanga. "Kwa nini hukusema, Mama Remmy?"



Tukakubaliana kwenda Maposeni siku ya arobaini ya Benigna. Daimu akajaza upepo kabla ya jua, akisoma ile rangi nyekundu kwa kidole. Nyumba ikajaa. Tulikuwa ishirini na tisa, na Daimu thelathini. Mama Hilda alikaa nyuma kabisa, kwenye kitanda kitupu, ameshika taji la maua. Tuliacha lami tukaingia ile njia ya matofali, na gari likapita juu yake kama juu ya mkeka. Uji niliobeba kwenye chupa hata kifuniko hakikulowa. Tulikuwa tukiimba. Mimi nilishindwa kuimba.

Valeriani alikuwa shambani anakusanya mabua ya mahindi. Amekonda. Mikono yake imetakata, hilo ndilo lililoniuma, mikono ilikuwa safi. Alitutazama tukishuka, mmoja mmoja, wazee wakishikwa mkono na Daimu pale penye ngazi. Alihesabu, nilimwona midomo ikicheza. Mama Hilda akamwendea na maua yake, akapiga goti kumsalimia, akaanza kusema, "Fundi, Aidan wangu..."

"Inuka, mama," Valeriani akamwambia. "Inuka, kuna umande."

Kisha akapita katikati yetu kwenda kwenye gari. Akachutama kwenye gurudumu la nyuma. Hakulipima, lilikuwa la moto. Aliweka tu kiganja, akatazama jinsi lilivyokaa chini, halikubonyea, halikusimama juu. Akaenda upande wa pili akatazama hivyohivyo. Tulimngoja, watu ishirini na tisa.

Alipoinuka alinitafuta mimi kwa macho.

"Themanini?" akauliza.

"Themanini, fundi."

Akaitika kwa kichwa. "Hivi ndivyo nilivyokuwa nimejaza siku ile," akasema, akatutangulia kaburini.